Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Mirungi na Wanafunzi Wetu wa Sekondari

Mtu apandaye kutoka mji wa Same kuelekea milimani huacha nyuma yake tambarare kavu ya miiba na mkonge, akaingia katika nchi ya baridi, nchi ya migomba, kahawa, maharage na tangawizi. Nchi hii ya Upare imesifika tangu zamani kwa kupenda elimu. Wazazi wengi wa huko wameuza kahawa, wameuza ng'ombe, wamebeba mawe na mchanga kichwani, ili shule isimame na mtoto asome. Sifa hiyo ni ya haki, wala hatuna nia ya kuipunguza.

Walakini katika baadhi ya miteremko ya milima hiyo hiyo, katikati ya migomba, umestawi mti mwingine, nao ni mirungi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipanda milima ya wilaya ya Same, sehemu za Tae na jirani zake, ikang'oa na kuteketeza mamia ya ekari za mirungi. Wakati ule watu walizungumza juu ya ekari, juu ya bei na juu ya magereza. Sisi leo twataka kuzungumza juu ya mwanafunzi.

Twasema mwanafunzi kwa makusudi. Habari za kijana mhuni akaaye kijiweni na shavu limemvimba zimekwisha kusemwa mara nyingi, na kila mzazi hujifariji akisema, "Wangu si kama yule." Lakini huyo tunayemtaja hapa huenda asiwe mhuni hata kidogo. Huenda akawa yule mwenye bidii, yule ambaye taa yake haizimwi hata saa tisa za usiku. Anatafuna ili asisinzie. Anakesha ili afaulu. Anataka kufaulu ili atufurahishe sisi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa uharibifu uliovaa nguo za bidii hupita mlangoni mwetu bila kuulizwa.

MIRUNGI NI NINI?

Yafaa kwanza tuijue mirungi ilivyo, maana mtoto wa sekondari asiposikia kwetu maelezo ya kweli, atayapata kwa wenzake yakiwa yamechanganyika na uongo.

Mirungi ni mti wa asili wa milima ya Afrika Mashariki na Uhabeshi, nao hulimwa pia Yemeni tangu karne nyingi. Wakenya huuita miraa, Wahabeshi chati, na Wayemeni kati. Kitafunwacho ni vikonyo na majani machanga ya ncha. Ndani yake mna vitu viwili vyenye kuchangamsha: kathinoni na kathini. Kathinoni ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo ni jamaa ya karibu ya dawa iitwayo amfetamini. Mara kikonyo kikatwapo, kathinoni huanza kupungua, na baada ya siku mbili hivi imebaki kidogo tu. Ndiyo sababu mirungi hufungwa katika majani ya mgomba isikauke, na ndiyo sababu pikipiki na magari yaichukuayo hukimbia kama yanayofukuzwa.

Mtu akiisha kutafuna, moyo humwenda mbio, shinikizo la damu hupanda, njaa hutoweka, usingizi hukimbia, na maneno huwa mengi. Kwa saa chache hujiona hodari, mwepesi wa akili, asiyeshindwa na somo lo lote. Mwanafunzi aliyekuwa akisinzia juu ya kitabu cha fizikia hujiona ameamka kabisa. Husema, "Kumbe hii ni dawa!" Tungedanganya kama tungesema kwamba hasikii kitu. Anasikia. Swali ni hili: Nguvu hiyo imetoka wapi?

NDIVA YA MWILI

Kwa kujibu swali hilo hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wa Upare walichimba ndiva. Kijito chembamba cha mlimani hakitoshi kumwagilia shamba maji yake yakitiririka kidogo kidogo. Kwa hiyo usiku mlango wa ndiva huzibwa, maji yakajikusanya taratibu hata alfajiri. Kunapokucha mlango hufunguliwa, nayo huteremka kwa nguvu mferejini mpaka shambani kwa mwenye zamu. Ndiva hii imelisha vizazi vingi katika nchi yenye mvua chache.

Basi mtu akienda usiku wa manane akafungua mlango wa ndiva, atayaona maji yakienda kwa kishindo, naye aweza kujisifu kwamba ameleta maji. La hasha! Hakuongeza hata tone moja. Ameyatoa maji ya kesho. Asubuhi mwenye zamu atakuta tope.

Ndivyo ifanyavyo mirungi. Kathinoni haileti nguvu mpya mwilini. Huilazimisha mishipa ya fahamu kumwaga kwa pupa vitu vya uchangamfu, kama dopamini, ambavyo ubongo ulikuwa umeviweka akiba. Akiba ikiisha, uchangamfu nao huisha, na mahali pake huja unyonge, hasira, huzuni isiyo na sababu, na uchovu mzito kuliko ule wa kwanza. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Usiku wa kutafuna ndio harusi. Darasa la asubuhi ndilo matanga.

Tena mwanafunzi amekopa kwa mkopeshaji mbaya kuliko wote, maana amekopa usingizi. Watu wengi hudhani kwamba kulala ni kupoteza wakati. Sivyo. Wataalamu wamethibitisha kwamba katika usingizi ubongo huyapanga na kuyakaza mambo yaliyosomwa mchana, hata yakae. Mwanafunzi asomaye saa mbili kisha akalala vizuri huweka alichokisoma. Asomaye saa saba bila kulala ni sawa na mtu achotaye maji kwa pakacha: kazi ni kubwa, jasho ni la kweli, na mtungi hauna kitu. Kijana wa umri wa sekondari ahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Ubongo wake bado unajengwa, na ujenzi huo haukomi mpaka akaribie umri wa miaka 25. Kumtia mirungi katika umri huo ni kuitikisa nyumba ambayo saruji yake haijakauka.

Hayo si yote. Akosaye hamu ya kula hukonda. Meno na fizi huharibika, tumbo hufunga choo. Tena yuko mwanafunzi ambaye, akiisha kutafuna, hushindwa kulala hata akitaka, hivyo hutafuta kitu cha kumshusha: pombe, gongo, bangi, au vidonge. Jani moja limekwisha kuwa mlango wa nyumba yenye vyumba vingi. Na wapo wachache, hasa watafunao sana au wenye udhaifu wa akili katika ukoo, ambao huanza kusikia sauti zisizokuwapo na kuwaogopa watu wasiowafanyia neno. Hayo madaktari wameyaona na kuyaandika.

"LAKINI KENYA WANARUHUSU"

Kijana mwenye akili atatupinga. Atasema, "Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Meru, miraa ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Inakuwaje jambo liwe halali Kenya na dhambi Same?" Hoja hii yastahili kujibiwa, wala haifai kuinyamazisha kwa fimbo.

Ni kweli, Kenya inaruhusu. Uingereza nayo iliruhusu kwa miaka mingi, hata ilipoipiga marufuku mwezi wa Juni 2014. Tanzania imeiweka mirungi katika orodha ya dawa za kulevya, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 yakataza kuilima, kuiuza, kuisafirisha na kuitumia, na adhabu zake ni nzito. Kijana akikamatwa na fungu la mirungi mfukoni, hakimu hatamwuliza habari za Meru.

Lakini tusiishie kwenye sheria. Kenya yenyewe haijapata raha na jani hili. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitangaza kuizuia muguka, ambayo ni aina ya miraa, wakisema kwamba inawaharibu vijana wa pwani. Serikali kuu haikukubaliana nao, kwa kuwa wakulima wa Embu wanaitegemea, na shauri likafika mahakamani. Hivyo ugomvi wa tumbo la mkulima na akili ya kijana uko huko kama ulivyo huku. Sheria yaweza kubadilika mtu avukapo mpaka. Ubongo wa mtoto wa miaka 16 haubadiliki.

NENO KWA MZAZI MWENYE SHAMBA

Sasa twafika mahali pagumu. Si kila mzazi wa milimani hulima mirungi. Walio wengi hawalimi. Lakini wapo walimao, na miongoni mwao wapo wasomao gazeti hili, wanaosali nasi, wenye watoto sekondari. Hatutawaita majambazi. Tunajua hesabu zao.

Kahawa huchumwa kwa msimu, na bei yake hupanda na kushuka kwa amri ya watu wasioijua Upare. Mirungi huchipua na kuchumwa mara nyingi katika mwaka, na fedha yake huonekana mapema. Serikali iliondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na cha sita. Lakini kila mzazi ajua kwamba sare, madaftari, chakula na kodi ya chumba havikuondolewa. Baba aliye na watoto watatu shuleni hutazama shamba lake, akaona kwamba fungu moja la majani laweza kununua jozi ya viatu. Mtu wa namna hiyo hatafuti anasa. Anatafuta elimu ya watoto wake.

Ndiyo maana twamwomba aifanye hesabu hiyo mpaka mwisho, asiikatishe njiani. Jani lililonunua viatu vya mtoto wake, nani amelitafuna? Limeteremka kwa pikipiki usiku, limefika Same, limefika Moshi, limefika mahali ambapo mtoto wa mtu mwingine alikuwa akijitayarisha kwa mtihani. Na jani la shamba la jirani limemfikia mtoto wake yeye. Hivyo wazazi wawili wanasomesha watoto wao kwa kuharibiana watoto. Elimu gani hiyo, inayolipiwa kwa akili ambayo ingeipokea?

Amri ya Tano tuliyofundishwa sote katika katekisimu haisemi juu ya kisu na rungu tu. Yahusu pia kila kitu kinachomharibu jirani polepole, hata kama mharibiwaji amekilipia kwa fedha yake mwenyewe.

Tena twasema wazi: haitoshi kumwambia mkulima "ng'oa" kisha kumwacha na ardhi tupu. Tangawizi ya Mamba Miamba imeonyesha kwamba milima hii yaweza kutoa zao halali lijulikanalo mbali. Maharage, ndizi na kahawa bado vina soko. Lakini tangawizi yahitaji mbegu, barabara ipitikayo wakati wa mvua, na mnunuzi asiyepunja. Wenye mamlaka waliopanda mlima kuteketeza wapande tena kutengeneza barabara. Hapo mkulima ataamini kwamba walikuja kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya majani.

WAZAZI TUTAZAME NINI?

Mzazi mwenye mtoto sekondari na azitazame dalili hizi. Moja peke yake si ushahidi. Nyingi pamoja ni kengele.

Kwanza, usingizi uliopinduka: usiku yu macho na mwenye maneno mengi, asubuhi mzito, mkali, hataki kuulizwa. Pili, chakula cha jioni kukataliwa mara kwa mara, na mwili kukonda. Tatu, macho kukodoka, midomo kukauka, meno na ulimi kubadilika rangi, na bigijii au soda isiyomwacha mkono. Nne, fedha za matumizi kwisha bila maelezo. Tano, alama za darasani kushuka ingawa saa za kusoma zimeongezeka. Dalili hii ya tano ndiyo ya kuaminika kuliko zote, nayo ndiyo tuidharauyo. Husema, "Anasoma sana, lakini hana bahati." Bahati haihusiki hapo. Tumwulize analala saa ngapi.

Mzazi akiisha kuona, asianze kwa kupiga kelele. Kijana aliyeaibishwa mbele ya ndugu zake hujifunza jambo moja tu, yaani kuficha vizuri zaidi. Akae naye mahali pa faragha, baba au mama, au mjomba anayempenda, amwambie: "Mwanangu, tangu lini hupati usingizi? Unaogopa nini katika mtihani huu?" Mara nyingi nyuma ya jani kuna hofu, na nyuma ya hofu kuna neno tulilolitamka sisi: "Usipofaulu, usirudi hapa." Neno kama hilo twalisema kwa hasira ya dakika moja, mtoto hulibeba mwaka mzima. Na alisikie pia neno la pili, kwamba atakuwa mtoto wetu matokeo yakiwa mema au mabaya.

Akikubali kuacha, ajue mapema kwamba siku za kwanza zitakuwa na uchovu, njaa, ndoto mbaya na moyo mzito. Hayo hupita. Apewe chakula, apewe ruhusa ya kulala, asiachwe peke yake. Lakini akisema maneno ya kutaka kujiua, au akisikia sauti, au akiona kila mtu ni adui yake, siku hiyo hiyo apelekwe hospitali, na mtu asimwache hata njiani. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, una matibabu, wala hauna haja ya kufichwa kwa ajili ya jina la ukoo.

Kwa walimu twasema kwa heshima maneno mawili. La kwanza, kumfukuza mwanafunzi mwenye kutafuna ni kumpeleka karibu zaidi na shamba. Auzaye shuleni ni shauri jingine. Lakini mtafunaji aliyekiri apewe nafasi ya kusaidiwa kabla ya kufukuzwa. La pili, kila shule itazame ratiba yake. Mahali ambapo watoto huamshwa saa kumi za alfajiri baada ya kulala saa tano, sisi wenyewe tunawafundisha kwamba usingizi ni adui. Wao wanatafuta silaha tu.

MSARAGAMBO WA USIKU

Wanafunzi wengi wa shule za kata hutoka mbali, hivyo hupanga vyumba karibu na shule, wawili au watatu pamoja, bila mtu mzima. Chumba hicho wanakiita geto. Ndani ya geto hakuna aulizaye wamekula nini, wala wamelala saa ngapi. Mwuza mirungi analijua geto kuliko mzazi.

Wazee wa Upare hawakumwacha kijana akue hivyo. Walikuwa na mshitu, ambamo vijana walitengwa na kufundishwa na watu wazima waliojulikana na kuaminiwa. Hatusemi kwamba mshitu urudi. Twasema kwamba katika umri ule wa hatari kijana alikuwa na mtu wa kumjibu.

Wazee hao hao walituachia msaragambo. Mfereji ukibomoka, au ndiva ikijaa tope, hakuna aliyesema, "Shamba langu liko chini sana, tope hilo halinihusu." Wote walitoka na majembe yao. Basi twashauri msaragambo wa namna nyingine, usiohitaji fedha nyingi. Wazazi wa kijiji kimoja ambao watoto wao wamepanga karibu na shule wapatane. Kila juma mzazi mmoja, kwa zamu, ashuke akalale huko. Awapikie ugali na maharage au uji. Awakalishe kusoma pamoja kwa saa mbili au tatu, katika chumba kimoja chenye taa nzuri. Saa nne za usiku taa izimwe, na wote walale. Wazazi 10 wakikubaliana, kila mmoja ataenda juma moja tu katika muda wa miezi miwili na nusu. Nani kati yetu amekosa juma moja kwa ajili ya harusi ya jirani?

Mtu atasema kwamba jambo hili ni dogo mno mbele ya biashara kubwa. Tunakubali kwamba ni dogo. Lakini mwuza mirungi hashindwi na hotuba. Hushindwa akikuta mtoto ameshiba, ana mtu mzima karibu, na ana usingizi. Kwa mtoto kama huyo hana cha kuuza.

Na wewe mwanafunzi usomaye gazeti hili lililoachwa mezani na baba, neno letu kwako ni fupi. Bidii yako ni njema, nasi twaiheshimu. Soma, kisha funga kitabu, ukalale. Maji ya usiku ni ya ndiva. Yaache yajae, kesho shamba lako litayahitaji.